Vidonge vya Baridi Yabisi na Afya ya Askari

Katika vikosi vingi yupo askari ambaye wenzake hawajui kwamba anaumwa. Huamka saa kumi alfajiri, si kwa sababu ya bidii ya kazi, bali kwa kuwa anahitaji saa nzima kabla ya tarumbeta ili avilainishe vidole vyake. Vifungo vya shati humshinda. Kamba za viatu humshinda. Jua linapopanda vidole hufunguka kidogo kidogo, na mtu huyo husimama kwenye gwaride kama wengine. Katika zahanati ya kambi haendi. Anaogopa kuandikwa katika daftari la wagonjwa, anaogopa kufikishwa mbele ya bodi ya madaktari, na zaidi ya yote anaogopa barua ya kustaafishwa kabla ya wakati, hali watoto wake wangali katika shule ya msingi.

Watu wengi huuita ugonjwa huu baridi yabisi, na kwa jina hilo hudhani kwamba umeletwa na baridi ya lindo la usiku, mvua ya porini au sakafu ya saruji. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini haikuuzaa ugonjwa. Baridi yabisi inayozungumzwa hapa ni ile ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa ipambane na vijidudu, hugeuza silaha na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba, hupata joto na kukakamaa. Mara nyingi huanzia vidoleni na katika vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na ukiachwa miaka mingi hula mifupa na kupotosha vidole. Siyo jongo, ambalo kwa kawaida humshika mtu ghafla katika kidole gumba cha mguu, wala siyo uchakavu wa magoti wa mtu aliyebeba mizigo mizito tangu ujana wake. Huwapata wanawake kuliko wanaume, jambo ambalo makamanda wenye askari wa kike chini yao hawana budi kulizingatia.

Basi askari huyo anayejificha, siku moja huelezwa na rafiki kwamba kuna vidonge vidogo vinavyopatikana katika duka la dawa mjini, tena kwa bei nafuu. Hakuna cheti kinachoulizwa. Vidonge hufungwa katika kikaratasi, bila jina wala maelezo. Humeza jioni, humeza asubuhi, na kabla ya siku ya tatu kwisha vidole vimefunguka, magoti yamekuwa mepesi, hamu ya chakula imerudi. Hukimbia kilomita 5 pamoja na vijana. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwambia kwamba ameingia hatarini, kwani mwili wake mwenyewe unamwambia kinyume chake.

Vidonge hivyo, mara nyingi, ni prednisoloni au deksamethasoni. Ni dawa za jamii moja, ile ya steroidi, na asili yake ni kortisoni. Ili ifahamike kwa nini dawa hizi zinaweza kumwinua mtu kitandani na baadaye kumwangusha, yafaa kutazama zilikotoka. Na huko zilikotoka kuna mkono wa jeshi.

Mwaka 1929, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, daktari Philip Hench wa hospitali ya Mayo alikuwa akimtibu daktari mwenzake mwenye umri wa miaka 65 aliyekuwa na baridi yabisi. Mgonjwa huyo akapatwa na ugonjwa wa ini uliomgeuza macho na ngozi kuwa manjano. Ajabu ni kwamba tangu manjano ilipoingia, maumivu ya viungo yalitoweka, na hayakurudi mpaka ulipopita muda mrefu. Hench hakulichukulia jambo hilo kuwa ni bahati tu. Aliendelea kuchunguza, akaona kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huo hupata nafuu wanapokuwa wajawazito. Akakata shauri kwamba imo mwilini dutu fulani ambayo ikizidi huutuliza ugonjwa. Wakati huohuo, mwanakemia Edward Kendall wa hospitali hiyohiyo alikuwa akichambua maji yatokayo katika tezi ndogo mbili zinazokaa juu ya figo, na huko Uswisi mwanakemia Tadeus Reichstein alikuwa na kazi kama hiyo.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, uvumi ulienea Marekani kwamba Wajerumani wananunua tezi za ng'ombe kutoka Argentina ili watengeneze dawa ya kuwawezesha marubani wao kuruka juu sana pasipo kuzidiwa. Uvumi huo haukuwa na ukweli. Lakini uliwafanya wakuu wa Marekani waagize kwamba utafiti wa tezi hizo upewe nafasi ya mbele, na fedha zikatolewa. Mara nyingi vita huharakisha mambo kwa sababu zisizo sahihi! Mwaka 1944, mwanakemia Lewis Sarett wa kampuni ya Merck akafaulu kuitengeneza dutu iliyotafutwa kutoka katika nyongo ya ng'ombe, kwa njia ndefu yenye hatua zaidi ya 30. Hench mwenyewe wakati huo alikuwa amevaa sare. Alitumika kama daktari wa jeshi hadi cheo cha kanali, akiongoza kituo cha jeshi cha maradhi ya viungo katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas.

Vita vilipokwisha, marubani hawakuwa na haja ya dawa hiyo, na kwa muda ilionekana kama mali isiyo na mnunuzi. Ndipo tarehe 21 Septemba 1948, huko Rochester, Hench na wenzake walipomdunga sindano ya kwanza mwanamke mwenye umri wa miaka 29, ambaye ugonjwa ulikuwa umemfunga kitini. Baada ya siku chache mwanamke huyo alitembea kwa miguu yake, na wiki moja baada ya sindano ile alitoka kwenda madukani mjini. Mwezi Aprili 1949 madaktari hao walitangaza habari za wagonjwa 14 waliotibiwa. Waliokuwa wakilala walitembea. Waliokuwa wakilishwa walijilisha. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba muujiza umepatikana, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa kwa pamoja tuzo ya Nobel ya udaktari.

Yafaa isemwe kwa haki kwamba Hench na wenzake hawakudai kuwa wamepata tiba. Walisema tangu mwanzo kwamba dawa ikikatizwa ugonjwa hurudi, na kwamba kazi yake ni kuutuliza moto, siyo kuuzima. Lakini nani alisikiliza? Kipimo kilichotumiwa siku zile, miligramu 100 kwa siku, kilikuwa kikubwa, na wagonjwa walipoendelea kutumia dawa kwa miezi, nyuso zao zilianza kuwa za mviringo kama mwezi mpevu, nundu za mafuta zikaota nyuma ya shingo, tumbo likanenepa huku mikono na mapaja yakikonda. Sura hiyo haikuwa ngeni. Daktari wa upasuaji Harvey Cushing alikwisha kuieleza mwaka 1932, kwa watu ambao tezi zao hutoa maji hayo kupita kiasi. Madaktari walikuwa wameutengeneza ugonjwa wa Cushing kwa sindano.

Kisha mwaka 1954 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kulinganisha kortisoni na aspirini, ile aspirini ya kawaida, kwa wagonjwa ambao baridi yabisi yao ilikuwa changa. Baada ya mwaka mmoja tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo sana. Mwaka uliofuata prednisoni iliingia sokoni, yenye nguvu mara nne au tano kuliko kortisoni, na baada yake ikaja deksamethasoni, yenye nguvu zaidi. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: kidonge cha deksamethasoni cha nusu miligramu hutoshana nguvu na prednisoloni ya miligramu 3 na kitu. Mwenye kumeza vidonge viwili au vitatu vya namna hiyo kila siku, akidhani ni vidogo kama punje za mtama, amekwisha kuvuka kiasi ambacho mwili wake wenyewe hutengeneza.

Sasa itazamwe hasara moja moja, kwa jinsi inavyomhusu mtu wa kazi ya silaha.

Ya kwanza ni mifupa. Dawa hizi huifanya mifupa ipoteze madini yake, na hasara kubwa hutokea mapema, katika miezi ya mwanzo, siyo baada ya miaka mingi kama inavyodhaniwa. Pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea bila ya mtu kuanguka. Askari akajikuta amepungua urefu na mgongo unauma, akalaumu mkoba wake wa safari. Kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu, na hapo pana upasuaji tu. Misuli nayo hulegea, hasa ya mapaja, hata mtu akichuchumaa hushindwa kuinuka bila kushika kitu. Ndiyo kusema kwamba aliyemeza dawa ili apite mtihani wa kukimbia, baada ya mwaka dawa hiyohiyo humfelisha.

Sukari ya damu hupanda, na kwa mtu ambaye ukoo wake una kisukari, ugonjwa huo huweza kujitokeza. Shinikizo la damu hupanda. Machoni huingia mtoto wa jicho, au maji ya jicho huongezeka shinikizo hadi kuharibu mshipa wa kuonea. Na mlenga shabaha asiyeona vizuri hana kazi. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, vidonda hukawia kupona. Aidha, mtu akichanganya steroidi na dawa nyingine za maumivu, kama vile diklofenaki au aspirini, jambo linalofanywa kila siku na wale wanaojitibu wenyewe, tumbo huweza kuvuja damu.

Hayo ni mengi, lakini yapo mawili ambayo kambini yana uzito wa pekee.

Moja ni maambukizo. Kwa kuwa dawa hii hutuliza uvimbe kwa kuinyamazisha kinga ya mwili, humnyamazisha pia mlinzi wa mlango. Kifua kikuu kilicholala kifuani kwa miaka huamka, na katika bweni la askari 40 kifua kikuu cha mtu mmoja ni habari ya wote. Lililo baya zaidi ni kwamba homa hufichika. Mtu ana usaha tumboni lakini hana homa. Kipimo cha joto kinasema mzima.

Upo pia mnyoo mmoja mdogo sana, unaoitwa kitaalamu strongiloidesi, ambao huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu peku iliyokanyaga udongo wenye kinyesi. Tofauti na minyoo mingine, huu huzaliana ndani ya mtu yuleyule kwa miaka mingi bila ya kumwonyesha dalili kubwa. Habari zake zilijulikana sana kutokana na askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani mwaka 1942 na kulazimishwa kujenga reli kati ya Siam na Burma, ile Burma ambako askari wa K.A.R. kutoka Uganda, Kenya na Tanganyika walipigana baadaye. Katika mji wa Liverpool, madaktari wa magonjwa ya nchi za joto waliwapima mateka hao wa zamani miongo kadhaa baada ya vita, wakawakuta wengine wangali na mnyoo ule. Sasa mtu mwenye mnyoo huo akipewa steroidi, mnyoo huzaliana bila kizuizi, hutoboa matumbo na kuingiza bakteria katika damu, na mara nyingi mgonjwa hufa. Mnyoo huo umo katika udongo wa Afrika Mashariki pia. Daktari anayejua historia ya askari aliyelala maporini humpima, au humpa dawa ya kuuua kwanza. Muuza duka hajui, wala haulizi.

Chini ya maambukizo iingie pia habari ya chanjo. Kikosi kinapotumwa nje kulinda amani, kila mtu hupangwa mstari wa kuchanjwa homa ya manjano. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mzima haina neno, lakini kwa aliyekuwa akimeza prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili, virusi hivyo huweza kupata nguvu wasiyotakiwa kuipata. Askari anayeficha vidonge vyake humficha pia mwuguzi mwenye sindano. (Philip Hench, kwa njia, alitumia miaka mingi ya maisha yake kukusanya nyaraka za wale madaktari wa jeshi la Marekani walioonyesha huko Cuba, mwaka 1900, kwamba homa ya manjano huletwa na mbu.)

La pili ni akili. Katika uchunguzi uliotangazwa huko Marekani mwaka 1972, wagonjwa wa hospitali waliokuwa wakipewa prednisoni walifuatiliwa ili ijulikane ni wangapi waliovurugika akili. Kwa waliopewa miligramu 40 kwa siku au chini yake, walikuwa 1.3 kwa kila 100. Kwa waliopewa zaidi ya miligramu 80, walikuwa 18.4 kwa kila 100. Dalili huanza kwa furaha isiyo na sababu na kukosa usingizi. Mtu huongea sana, hupanga mambo makubwa saa nane za usiku. Huweza kugeuka kuwa hasira, shuku kwa wenzake, au huzuni nzito yenye mawazo ya kujiua. Kwa karani wa ofisi hiyo ni shida ya nyumbani. Kwa mtu anayekabidhiwa bunduki na risasi 30 kila jioni, ni shida ya kambi nzima, na mkuu wa zamu aliyeona askari wake amebadilika ghafla tabia anapaswa kuuliza, pamoja na maswali mengine, anameza nini.

Ndugu wasikilizaji, hata hivyo hatari kubwa kuliko zote haimo katika kumeza, bali katika kuacha.

Zile tezi mbili zilizo juu ya figo hutengeneza kila siku kiasi cha homoni kinacholingana takriban na prednisoloni ya miligramu 5. Mtu anapoumia, anapopata malaria kali, anapofanyiwa upasuaji au anapokabili hatari, hutengeneza mara kadhaa zaidi, na hiyo ndiyo inayoushika msukumo wa damu usianguke. Tezi hizo hungoja amri kutoka kwenye ubongo. Dawa inapoletwa kutoka nje kila siku kwa wiki tatu na zaidi, ubongo huona kwamba homoni ni tele, ukaacha kutoa amri. Tezi hulala, kisha husinyaa. Ni kama kikosi cha nyumbani kilichoambiwa kwamba wageni wamechukua ulinzi. Silaha hurudishwa ghalani, watu hutawanyika mashambani. Siku wageni wanapoondoka ghafla, hakuna wa kusimama langoni, na kuwakusanya tena wale wa kwanza huchukua miezi, pengine mwaka.

Kwa hiyo askari aliyemeza vidonge kwa miezi minne, akaviacha siku moja kwa sababu fedha zimekwisha, au kwa sababu kikosi kimehamishiwa mahali pasipo duka, au kwa sababu amesikia maneno kama haya ya leo akaogopa, huanza kuchoka kupita kiasi. Hutapika. Husikia kizunguzungu akisimama. Akipatwa na jeraha au homa katika siku hizo, msukumo wa damu huanguka, na huweza kufa mikononi mwa watu wanaomtia maji ya mshipani bila kujua anachokosa, hali sindano moja ya haidrokotisoni ingemrudisha.

Mfano unaojulikana ni wa mtu ambaye hakuwa na baridi yabisi, lakini tezi zake hazikufanya kazi. John Kennedy alikuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, na mwezi Agosti 1943 mashua yake ilikatwa vipande viwili na manowari ya Kijapani katika bahari ya Visiwa vya Solomon. Mwaka 1947, akiwa London, iligunduliwa kwamba ana ugonjwa wa Addison, yaani tezi hizo zimekufa, na tangu hapo aliishi kwa dawa ya jamii ya kortisoni. Mwezi Oktoba 1954, akiwa seneta, alipasuliwa mgongo huko New York. Madaktari walisitasita sana kabla ya kumpasua, kwa kuwa watu wa hali yake walikuwa wakifa mezani. Walimwongezea homoni kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji na baada yake. Hata hivyo alipatwa na maambukizo, akafika karibu na kifo, padre akaitwa. Alipona, na mwaka 1961 akawa Rais. Mwaka 1955 madaktari wake waliiandika habari hiyo katika jarida la upasuaji pasipo kutaja jina, ili wengine wajifunze. Kennedy aliokoka kwa sababu waliomshika walijua alichokuwa akimeza. Alikuwa akiwaficha wapiga kura, lakini hakumficha mpasuaji.

Huko Uingereza wagonjwa wanaotumia steroidi kwa muda mrefu wamekuwa wakipewa kadi ya kutembea nayo, na mwaka 2020 ikaongezwa kadi maalumu ya dharura inayomwambia daktari yeyote atakayemkuta mtu huyo amezimia ni nini cha kumpa. Askari anafahamu faida ya kitu kama hicho kuliko raia. Kile kisahani cha chuma chenye jina na namba kinachoning'inia shingoni mwake kiliwekwa kwa ajili ya saa ambayo yeye mwenyewe hawezi kusema.

Je, dawa hizi zilaaniwe? La. Mwezi Juni 2020, wakati wa janga la korona, watafiti wa chuo kikuu cha Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni ya miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumulia mashine. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Maneno hayo ya pili hayakusikika sana mitaani. Hata katika baridi yabisi, steroidi kwa kipimo kidogo ina kazi yake. Katika uchunguzi uliofanywa katika nchi saba za Ulaya na kutangazwa mwaka 2022, wagonjwa 451 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa. Nusu walimeza prednisoloni ya miligramu 5 kila siku kwa miaka miwili, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata dawa walikuwa na maumivu machache, na viungo vyao viliharibika polepole zaidi. Lakini 60 kwa kila 100 miongoni mwao walipatwa na madhara, kulinganisha na 49 kwa wenzao, na tofauti ilikuwa hasa katika maambukizo.

Jambo ambalo limebadilika tangu siku za Hench ni kwamba sasa zipo dawa zinazoushika ugonjwa wenyewe. Iliyo mbele ni methotreksati, ambayo Marekani iliiruhusu rasmi kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Humezwa mara moja tu kwa wiki, wala si kila siku, na anayekosea hapo hujiua. Damu na ini hupimwa mara kwa mara. Na mwanamke anayetarajia mimba haruhusiwi kuitumia. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Katika wiki hizo za kungoja ndipo daktari humpa mgonjwa steroidi kidogo, kisha huipunguza hatua kwa hatua, na madaktari wa Ulaya hupendekeza iishe haraka kadiri inavyowezekana. Dawa ileile ambayo dukani huwa ni maisha, mikononi mwa daktari ni daraja la miezi michache.

Hapo basi ndipo lawama haiwezi kumwangukia askari peke yake. Zipo kambi ambazo anayeripoti mgonjwa asubuhi huitwa mvivu mbele ya wenzake. Wapo maafisa ambao hesabu yao ya nidhamu ni uchache wa majina katika daftari la wagonjwa. Katika hali hiyo askari mwenye akili hutafuta duka. Baridi yabisi ikitambuliwa katika miezi ya mwanzo, wengi wanaotibiwa vizuri huendelea na kazi. Ikifichwa kwa vidonge kwa miaka mitatu, viungo huendelea kuliwa chini ya pazia, na siku bodi ya madaktari inapomwona mtu huyo huwa hakuna tena wa kuokolewa kazini. Barua aliyoikimbia ameifuata kwa miguu yake. Kamanda anayetaka kubaki na sajini wake mwenye uzoefu wa miaka 15 ana njia rahisi: amhamishe kwa muda kutoka lindo la usiku hadi ghala au ofisi ya redio, na amwache aende kliniki bila kunong'onwa.

Kwa askari ambaye usiku huu ana vidonge hivyo sandukuni, na amekuwa akivimeza kwa zaidi ya wiki tatu, asivitupe na asiviache kesho. Aendelee na kipimo chake, aende kwa daktari wa kikosi au wa hospitali ya wilaya, na kikaratasi kilichofungwa vidonge akichukue pamoja na vidonge vyenyewe, kwani mara nyingi muuzaji hakuandika jina, na daktari atalazimika kuvitambua kwa maandishi madogo yaliyochongwa juu yake. Aseme ni vingapi kwa siku na tangu lini. Atapangiwa namna ya kupunguza, pengine kwa miligramu moja baada ya wiki nne. Na katika muda wote huo, na kwa mwaka mmoja baadaye, akivunjika mguu, akishikwa na malaria kali au akilazwa mezani kupasuliwa, maneno ya kwanza kutoka kinywani mwake, au kinywani mwa mwenzake aliyemleta, yawe kwamba mtu huyu alikuwa akimeza prednisoloni.